Sheria Yangu ya Vidonge Saba

Niacheni niringe kidogo hapa mwanzoni, vijana, maana huko mbele sitapata nafasi. Katika miaka yangu yote ya kazi ya dawa sikukutana na mtu aliyenishinda kuhesabu vidonge. Nyinyi mna mashine. Sisi tulikuwa na trei ya bati na kisu butu. Unamwaga vidonge kwenye trei, unavivuta vitano vitano, macho yako yakiwa kwa mgonjwa na mdomo ukimweleza jinsi ya kunywa, huku mkono unahesabu wenyewe. Anayeanza kazi hukosea kwa kuvikodolea macho vidonge. Ukivikodolea, vinakuchanganya. Nilikwenda chuo kikuu, nikaandika kurasa mia moja na kitu kuhusu namna dawa inavyoyeyuka tumboni, nikavaa joho, mama yangu akachinja mbuzi, kisha serikali ikanileta pwani ya kusini kuwa mshika kisu.

Sikuwa daktari. Nilikuwa mfamasia. Lakini kwenye dirisha la dawa kila mwenye koti jeupe ni daktari, na sikumbuki kujitaabisha kumsahihisha mtu.

Hospitali yenyewe siitaji jina. Ilikuwa ya serikali, huku kwetu kusini, na wengi niliofanya nao kazi wako hai na hawahusiki na haya. Kosa hili lina mwenyewe.

Dawa zilitufikia kwa makasha, kila baada ya miezi mitatu. Kwa desturi ziliisha wiki ya sita. Kabla sijafika, aliyewahi foleni aliondoka na mfuko, aliyechelewa aliondoka na pole. Nikaja na digrii yangu nikatunga sheria: hakuna atakayetoka dirishani na dawa ya zaidi ya siku saba, isipokuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Akitaka zaidi arudi wiki ijayo, mwenyewe, na kadi yake mkononi. Dawa zikaanza kudumu mpaka wiki ya kumi. Mkubwa mmoja wa afya wa wilaya akashuka kutoka Kwale, akazitazama rafu zangu, akasema hajapata kuona rafu zenye adabu kama zile. Maneno hayo niliyatunza kama cheti cha pili. Hakuna aliyeniuliza kama wagonjwa nao walikuwa wakipona kwa adabu.

Mtu pekee ambaye hakuzisifu rafu zangu ni Sista Mwanakombo. Alikuwa muuguzi wa magonjwa ya akili, mwenyeji wa Msambweni, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyetembea polepole na kuongea polepole zaidi. Kliniki yake ilikuwa kila Jumatano, na mlangoni kilitundikwa kibao kilichoandikwa PRESHA. Wagonjwa wa presha waliingia wakapimwa presha. Wengine nao waliingia, wakapimwa presha vilevile, kisha mlango ukafungwa. Nilipofika nilikwenda kumlalamikia. Nikamwambia takwimu za hospitali zinavurugika, kila mgonjwa awe na kliniki yake na kibao chake.

"Kiandike basi hicho kibao cha vichaa, mwanangu," akasema. "Ukishakiandika, ukae wewe wa kwanza kwenye ile foleni, mama yako akikuona kutoka barabarani."

Sikukiandika.

Alinifundisha mambo mengi ambayo chuoni hayakutajwa. Alinikuta siku moja naandika "1×3" juu ya bahasha ya dawa ya mzee asiyejua kusoma. Akaninyang'anya kalamu, akachora jua linalochomoza, jua la utosini, na mwezi. "Mwandikie anachokijua," akasema. Tangu siku hiyo nilichora. Miezi yangu ilifanana na ndizi, lakini watu walikunywa dawa wakati wake.

Alinifundisha pia kuuliza. Ugonjwa ninaousema hapa nyinyi mnauita sonona, wengine unyogovu. Wakati ule mgonjwa hakuja na jina lolote. Alikuja na mwili. Alisema kichwa kinawaka moto, mgongo unauma, moyo unakwenda mbio, usingizi unakatika alfajiri na haurudi. Sisi tukaandika malaria. Mdudu asipoonekana kwenye darubini tuliandika malaria hivyo hivyo, tukisema mdudu amejificha. Sista hakumuuliza mtu kama ana huzuni. Mwanamume wa huku ukimuuliza kama ana huzuni atakwambia hapana, halafu hatarudi. Alimuuliza: unalala vipi, unakula vipi, na ile kazi uliyokuwa ukiipenda, mara ya mwisho uliifanya lini kwa kupenda? Kisha, kwa sauti ile ile ya polepole, akamuuliza kama kuna siku anatamani asiamke. Mimi nilishtuka nikamwambia utamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Akanijibu kwamba hajaona mtu aliyelitoa wazo hilo kwake. Aliowaona ni wale waliongoja miezi mtu awaulize.

Ndivyo alivyomuuliza Kyalo.

Kyalo alikuwa Mkamba wa Shimba Hills, baba yake alipewa shamba kule kwenye skimu ya makazi. Kazi yake ilikuwa upishi katika hoteli moja ya Diani. Ulipofika mwaka ule wa fujo za uchaguzi, tisini na saba, wageni wakakimbia, hoteli zikafunga moja baada ya nyingine, na Kyalo akapanda mlimani kurudi shambani na visu vyake vya jikoni vimefungwa kwenye taulo. Mwanzoni alilima. Baadaye akawa anakaa kitandani mpaka jua linapokuwa juu. Ndugu zake wakasema ni uvivu wa hotelini. Mchungaji akamwombea siku tatu. Jirani akawapeleka kwa mganga, mganga akasema ni jicho la husuda. Katika zahanati ya karibu walimtibu malaria mara nne. Mkewe, Mama Mueni, ndiye aliyemleta kwetu, Oktoba ya mwaka uliofuata, amemshika mkono kama anayevusha kipofu barabara.

Nilikuwa chumbani kwa Sista siku hiyo, nimekwenda kulalamika tena kuhusu mafaili. Sista akamuuliza mgonjwa kama anaruhusu mtu wa dawa akae. Kyalo akainua bega moja. Nikakaa.

"Unakula, baba?"

"Nikilazimishwa."

"Huyu ni mpishi, sista," Mama Mueni akadakia. "Alikuwa akionja mboga yangu ananicheka. Ananiambia, mama, hii ni mboga ama ni maji ya kuosha? Saa hizi namwekea ugali mbichi anakula tu. Hata hanitusi."

"Chumvi haina chumvi," Kyalo akasema. Hayo ndiyo maneno marefu zaidi aliyotamka bila kuulizwa.

Sista akamuuliza lile swali la kutamani asiamke. Kyalo akasema ndiyo, siku nyingi. Mama Mueni akajifunika mdomo kwa leso. Sista hakushtuka wala hakumhubiria. Akamuuliza kama amepanga lolote, akasema hapana, na akamwahidi Sista kwamba wazo likizidi atamwambia mkewe kabla ya jambo jingine. Kisha Mama Mueni akatoa barua kutoka kwenye pochi. Hoteli ilikuwa inafunguliwa tena. Wapishi wa zamani waliotaka kazi waripoti tarehe mosi Desemba, wajaribiwe jikoni. Asiyefika au asiyefaa, nafasi yake itajazwa.

Sista akahesabu kwa vidole. "Wiki sita na siku kidogo," akasema. "Zinatosha, inshallah. Nisikilizeni nyote wawili. Huu ni ugonjwa, si uvivu wala si laana, na unatibika. Maombi yenu endeleeni nayo, hayagombani na dawa. Dawa yenyewe haina haraka. Wiki ya kwanza mdomo utakauka na usingizi utakuja hata mchana, msiogope. Nafuu huanza wiki ya tatu, ya nne. Mkiona haifanyi kitu, msiiache. Mkiona imefanya kazi, msiiache vilevile mpaka mimi niseme. Bahasha atakaa nayo mama. Na kila baada ya wiki mbili nitakuja tuzungumze, baba, nitapita kwenye zahanati ya Kwale, hapo si mbali nawe."

Akaandika cheti: kidonge kimoja, usiku, siku thelathini.

Nikatangulia kwenda dirishani. Cheti kikanifikia. Nikamwaga vidonge kwenye trei, nikavuta vitano, nikavuta viwili, nikachora mwezi wangu wa ndizi, nikampa Mama Mueni.

"Sista amesema mwezi mmoja," akasema.

"Hapa tunatoa wiki. Mrudi Jumatano."

"Kutoka Shimba Hills, daktari?"

"Wengine wanatoka Lungalunga, mpakani kabisa, mama."

Sista akaja jioni, kabla sijafunga. Shikamoo yangu aliiitikia, hilo hakunikosesha, kisha akaweka cheti juu ya kaunta.

"Hii dawa si ya malaria, mwanangu."

"Najua, mama. Nimeisoma."

"Basi unajua wiki ya kwanza ina nini. Ina mdomo mkavu na usingizi. Umempa mtu taabu ya dawa, nafuu yake umebaki nayo hapo kwenye rafu."

"Nikimpa yeye mwezi, kesho kila mtu atataka mwezi."

"Kila mtu nani? Wagonjwa wangu wa dawa hii ni tisa."

"Tisa leo."

Alinitazama kama anayetafuta mahali pa kuingilia, akakosa. Akachukua mkoba wake akaenda zake. Nilifunga dirisha nikijua nimeshinda. Nyinyi mtakaoingia kazi hii, siku mkimshinda muuguzi mzee kwa maneno, rudini mkaangalie ni nini mmevunja.

Jumatano iliyofuata Sista alikuwa ameitwa mkutanoni Kwale. Mama Mueni alifika peke yake karibu na adhuhuri, viatu vyake vyekundu kwa vumbi la mlimani.

"Mgonjwa yuko wapi?" nikamuuliza.

"Ameshindwa kuamka, daktari."

"Dawa hupewa mgonjwa mwenyewe. Ndiyo sheria."

"Si ndiyo nakuambia, ameshindwa kuamka. Ugonjwa wake ndio huo."

Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu. Mtu mmoja akaguna. Mimi nikasema, na maneno haya nimeyabeba miaka hii yote bila kupata pa kuyatua, nikasema: "Basi akiweza kuamka, umlete."

Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Alikunja kadi, akaiweka pochini, akaenda kituoni kungoja gari.

Walirudi baada ya wiki tatu, wote wawili. Nikampa saba. Vikaisha, siku kumi zikapita bila dawa, wakaja tena, nikampa saba. Kila alipoanza alianzia kwenye mdomo mkavu, na kila mara waliishia hapo hapo. Mwishoni mwa Novemba Mama Mueni aliniambia dirishani, bila hasira, kwamba dawa ile labda ni ya Wazungu, kwa mumewe inaleta usingizi tu. Nikamwambia awe na subira. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Yaliyotokea tarehe mosi Desemba nilielezwa na Sista, naye alielezwa na mke. Kyalo aliamka. Akavaa sare yake ya zamani, ikamning'inia, akashuka Diani. Jikoni wakampa kazi ambayo angeifanya akiwa amelala: supu ya samaki. Akaitia chumvi. Akaonja, hakusikia kitu, akaitia tena. Akaonja, akaitia mara ya tatu. Mpishi mkuu alikuwa rafiki yake wa zamani. Akachota kijiko, akakitema kwenye sinki, akamshika Kyalo bega akamtoa nje kwa mlango wa nyuma, taratibu, ili vijana wa jikoni wasicheke mbele yake. Nafasi akapewa mwingine siku hiyo hiyo.

Ningependa kuwaambia kwamba nilibadilisha sheria wiki ile. Sikuibadilisha. Nilisema ni bahati mbaya. Nilisema mgonjwa hakufuata maagizo, tena nikaandika hivyo kwenye daftari: hakufuata maagizo.

Katikati ya mwaka uliofuata tulihesabu dawa za stoo. Nyuma kabisa ya rafu, pamefutwa vumbi vizuri, yalikuwepo makopo mawili ya dawa ile ya Kyalo, kila moja la vidonge elfu, hayajafunguliwa. Muda wake ulikuwa umekwisha mwezi uliopita. Niliibania dawa mpaka ikaoza kwa kutunzwa. Kanuni inataka dawa ya namna hiyo iteketezwe mbele ya shahidi, na shahidi aliyejitolea alikuwa Sista Mwanakombo. Tulisimama kando ya shimo nyuma ya hospitali, nikamwaga, nikawasha.

"Hizo ni za usiku ngapi kwa mtu mmoja?" akauliza.

Mkono wangu unaojua kuhesabu ulikuwa mtupu. "Miaka mitano na zaidi," nikasema.

Akaafiki kwa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepata jibu sahihi kwa mwanafunzi mzito. Ndipo akaniambia kwamba tangu ile Desemba alikuwa akimnunulia Kyalo dawa yeye mwenyewe, kwenye duka la dawa la Ukunda, ya mwezi mzima kila mara, na kumpelekea Kwale anapokwenda kuzungumza naye. Wiki ya nne Kyalo aliamka mwenyewe akafagia uwanja. Wiki ya sita alionja mboga ya mkewe akaitusi, na Mama Mueni akalia kwa furaha. Alipona vizuri kabisa. Alichokosa ni ile tarehe tu.

Jumatatu iliyofuata nilifuta sheria kwa ugonjwa ule. Rafu zangu zikapoteza adabu, na yule mkubwa wa Kwale alipokuja tena hakusema kitu.

Nayasema haya kwenu kwa sababu wengine kati yenu wanaingia kazi hii, na wengine, najua, wanaamka alfajiri na usingizi haurudi. Kwa hao wa pili sina hekima kubwa. Mwambieni mtu. Nendeni hospitali, na mkiulizwa mnaumwa nini, semeni usingizi, chakula, na kile mlichokuwa mkikipenda. Wazo la kutotaka kuamka likija, lisemeni siku hiyo hiyo, msilale nalo peke yenu. Mkipewa dawa, ipeni wiki zake. Na mkifika dirishani mkakuta mtu kama mimi, ana koti jeupe na sheria, msiondoke kimya kama Mama Mueni. Pigeni kelele. Muiteni Sista.

Mwishoni mwa mwaka nilihamishiwa bara. Gari tulilopanda lilisimama Samburu, penye malori mengi kando ya barabara kuu ya Nairobi, ili abiria wale chakula. Nikaingia kibanda kimoja cha mabati. Aliyekuwa jikoni alikuwa amenenepa na alikuwa anamkaripia mtu kuhusu vitunguu, kwa hiyo sikumtambua mpaka aliponiita.

"Daktari wa dawa."

Kibanda kilikuwa cha shemeji yake. Shamba lisingelisha watu wote, akanieleza huku akipanga sahani, na kazi ya hoteli ndiyo hivyo tena. Mama Mueni yuko Nairobi, ameandikwa kazi ya nyumba, huja Krismasi. Binti yao Mueni yuko Makueni kwa nyanya yake, ameanza shule, hamkimbilii baba yake kwa kelele kama zamani, amekuwa mgeni kidogo. Dawa alimaliza kwa amri ya Sista, akaacha polepole kama alivyoelekezwa. Analala. Alisema yote haya kama dereva wa lori anavyosimulia barabara mbovu ambayo ameshaipita.

Akaniwekea wali na maharage ya nazi. Nilionja. Chumvi ilikuwa mahali pake hasa. Nilikuwa nimejiandaa miezi, nikasema sasa, kabla gari halijapiga honi, nitamwambia.

"Kyalo, zile dawa, wakati ule..."

"Ah, daktari, wachana na hiyo." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Najua dawa hazikuwa. Serikali hii tunaijua. Mama Mueni alikuwa na hasira na wewe, nikamwambia, huyo kijana atatoa wapi? Alikuwa anagawa kidogo iliyoko. Si ni hivyo?"

Malori yalikuwa yananguruma nje. Alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kunisamehe, na alichokuwa akingoja ni neno dogo tu la kumthibitishia.

"Ni hivyo," nikasema. "Hazikuwepo."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akatazama sahani yangu, akachota upawa mwingine, akanijazia bila kuniuliza.

"Kula, daktari. Hapa hatupimi."

Nikala.